Dawa ya kuondoa klorini kwenye tangi la samaki: kuichagua na kuitumia kwa maji ya Dar es Salaam

"Jana jioni nimenunua gapi sita. Nikaosha tangi, nikalijaza maji masafi kabisa ya bomba, nikawaachia. Asubuhi naamka, wanne wamekufa. Nimekosea wapi?"

Swali hili nalipata karibu kila wiki. Yanayobadilika ni aina ya samaki na idadi ya waliokufa. Nimeamua kuliandikia jibu kamili, hatua kwa hatua, ili anayeanza leo asianze kwa kuzika.

Maji yanayomfaa binadamu kunywa si lazima yamfae samaki kuishi. Maji ya DAWASA yanayotoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya magonjwa, na klorini hiyo inatakiwa ifike bombani kwako ikiwa bado ina nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita yanapomfikia mtumiaji. Kwako huo ni ulinzi. Samaki yeye anayapitisha maji kwenye mashavu yake mchana na usiku ili apate hewa, na nyama ya mashavu ni laini mno. Kiasi kile kile kinachokulinda wewe kinamuunguza yeye. Dawa ya kuondoa klorini inaibadilisha klorini kuwa chumvi isiyodhuru, na inafanya hivyo ndani ya dakika chache. Nadharia inatosha hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "dawa"

Hapa mjini "dawa ya maji" ina maana mbili zinazopingana. Watu wakisema "leo maji yana dawa" wanamaanisha yana klorini. Ukienda duka la dawa ukaomba dawa ya maji, utapewa vidonge au kichupa cha kutibu maji ya kunywa, na humo ndani ni klorini ile ile unayoikimbia.

Jirani yangu alimtuma kijana wake dukani akanunue "dawa ya maji ya samaki". Muuzaji alisikia maji, akatoa alichonacho. Baba mwenyewe akamimina vifuniko viwili kwenye tangi la lita hamsini. Nilipoitwa, goldfish watatu walikuwa wamelala ubavu juu ya changarawe, utelezi mweupe ukiwatoka mwilini kama nyuzi za pamba, na mashavu yanafunguka na kufunga harakaharaka. Tuliokoa mmoja.

Kwa hiyo usiombe dawa ya maji. Omba "dawa ya kuondoa klorini", na usiondoke dukani kabla hujasoma lebo. Kuanzia hapa nikiandika "dawa" namaanisha hiyo tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Dawa yenyewe (kuichagua tutakuja).
- Ndoo mbili za lita 20 ambazo hazijawahi kuingia sabuni wala dawa ya madoa. Nunua mpya, ziandike SAMAKI kwa maka peni, na uwaambie wa nyumbani wote. Ndoo ya kudekia haifai hata ukiisuuza mara kumi.
- Bomba la sindano la mililita 5 na la mililita 1, bila sindano. Yanapatikana duka lolote la dawa kwa shilingi mia chache. Usipimie kifuniko wala kijiko cha chai.
- Kipimajoto cha maji.
- Mpira mwembamba wa kunyonyea maji ya zamani kutoka tangini.
- Futi ya kupimia tangi.
- Ukiweza, kipimo cha klorini. Wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea wanacho: kichupa cha matone yanayogeuza maji kuwa ya njano au ya waridi kukiwa na klorini. Kichupa kimoja kinakaa muda mrefu na kinakuondolea kubahatisha.

Jua maji yako yanatoka wapi

Hapa ndipo wengi wanaparuka, na ndipo penye mambo. Nyumba mbili za mtaa mmoja Dar zinaweza kuwa na maji yasiyofanana kabisa: huyu ana DAWASA, yule ana kisima, wa tatu ananunua boza. Dawa ni ile ile lakini kazi yake kwa kila mmoja ni tofauti.

*Bomba moja kwa moja.* Haya ndiyo yenye klorini ya uhakika. Nguvu yake haifanani kila siku. Baada ya mgao, maji yakirudi, mara nyingi hutangulia machafu kisha yanakuja yakinuka klorini kali. Nakushauri siku ya kwanza maji yakirudi usibadilishe maji ya samaki kabisa. Jaza ndoo zako siku ya pili. Wakati wa masika, Ruvu inapojaa, subiri pia tope litulie chini ya ndoo kabla ya kumimina.

*Maji ya simtanki.* Yakikaa siku mbili tatu kwenye tangi la juu, klorini hupungua yenyewe. Usitegemee hilo. Kama maji yaliingia jana usiku, klorini ipo. Weka dawa kila mara kana kwamba maji yametoka bombani sasa hivi. Kiasi sahihi cha dawa hakimdhuru samaki hata kama klorini ilishaondoka. Shida kubwa ya simtanki ni joto. Tangi jeusi juu ya mnara, saa nane mchana ya mwezi wa pili, linatoa maji ya kuogea mtoto mchanga. Chota alfajiri.

*Kisima.* Maji ya kisima kwa kawaida hayana klorini, isipokuwa mwenye kisima ameyatibu. Muulize. Tatizo la visima vingi vya Dar ni chumvi, na dawa hii haiondoi chumvi hata chembe. Onja. Ukihisi chumvi ulimini, goldfish na tetra hawatayapenda, ila molly wanastahimili vizuri. Maji yenye madini mengi ya chokaa bila chumvi ya kuonjeka, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yanawafaa samaki wa miamba wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao kwao maji ni magumu kiasili. Disikasi na neon tetra, wenyeji wa mito ya Amazoni, wanataka maji laini, usiwatese. Na maji ya kisima yakitoka ardhini mara nyingi huwa na hewa kidogo, hivyo yapigie pampu ya hewa kwenye ndoo saa chache kabla ya kuyatumia.

*Boza.* Dereva atakuambia "haya ni baridi, ya DAWASA". Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa kisima. Onja chumvi, kisha uweke dawa kwa kiasi kamili.

*Maji ya chupa na maji ya mvua.* Ya chupa mengi yamechujwa madini mpaka karibu kwisha. Kwa tangi zima ni gharama isiyo na faida. Ya mvua yanafaa kulainisha maji magumu, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati vizuri kabla ya kukinga.

Kuchagua dawa

Kwenye maduka ya samaki wa mapambo utakuta makundi matatu.

Kundi la kwanza ni chupa zenye majina yanayojulikana duniani, kama Seachem Prime, Tetra AquaSafe na API Stress Coat. Bei iko juu, lakini kipimo kimeandikwa wazi na zimejaribiwa na wafugaji wengi kwa miaka. Baadhi zinafanya zaidi ya kuondoa klorini: Prime inaifunga pia amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kwa muda, Stress Coat ina maji ya mshubiri wa kusaidia utelezi wa ngozi ya samaki. Kwa tangi jipya, ambalo filta yake haijawa na bakteria wa kutosha wa kuila amonia hiyo, ile inayofunga amonia inastahili pesa yake.

Kundi la pili ni vichupa vidogo vya bei nafuu, vyenye maji ya buluu, ya njano au yasiyo na rangi, lebo mara nyingine ya Kichina tupu. Vingi vinafanya kazi. Ninachokikataa ni chupa isiyokuwa na mambo matatu: inaondoa nini, mililita ngapi kwa lita ngapi, na tarehe ya mwisho. Muuzaji akikuambia "matone matano tu, usijali", muulize matone matano kwa lita ngapi. Asipojibu, rudisha chupa.

Kundi la tatu ni fuwele za sodiamu thiosalfeti, zinazofanana na sukari guru iliyosagwa kwa ukubwa lakini nyeupe na angavu. Hii ndiyo dawa yenyewe iliyomo ndani ya chupa nyingi za dukani. Wanaouza kemikali za maabara wanayo, na gramu mia tano zinaweza kukuhudumia miaka. Kwa mwenye matangi mengi au bwawa la koi, hakuna njia nafuu zaidi. Lakini sikiliza kwa makini: wafugaji na wapiga picha wa zamani wanaiita "haipo", na jina hilo linaweza kumchanganya muuzaji akakupa sodiamu haipokloraiti, ambayo ni dawa ya kung'arisha nguo, klorini kali. Moja inaokoa, nyingine inaua. Mwonyeshe jina lililoandikwa, na kwenye lebo utafute Na₂S₂O₃. Ukikuta herufi Cl kwenye jina la kemikali, usichukue.

Kutengeneza: pima gramu 10 za fuwele kwa mizani ya jikoni, ziweke kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ongeza maji mpaka jumla ifike mililita 100. Mililita 2 za mchanganyiko huu zinatosha ndoo ya lita 20 ya maji ya kawaida ya bomba. Siku maji yananuka klorini kali, weka mililita 4. Chupa iwe ya rangi nyeusi au kahawia, iandikwe jina, ikae mbali na watoto. Tengeneza upya kila mwezi. Ukiona ukungu au unga mweupe umetua chini, imeharibika, mwaga.

Kuna wanaotaka kuacha dawa kabisa na kulaza maji. Inawezekana. Klorini ya kawaida huondoka yenyewe kwenye ndoo iliyo wazi ndani ya saa 24 hadi 48, na haraka zaidi ukiweka pampu ya hewa. Ila kuna mitambo, Marekani kwa mfano, inayotumia kloramini, ambayo ni klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo kulaza maji hakuiondoi. Pia ukilaza maji kwenye pipa wiki nzima hapa Dar, unafuga mbu wa dengue. Mlipuko wa 2014 na wa 2019 watu wa mji huu wanaukumbuka. Pipa lako lifunge kwa kipande cha chandarua.

Kusoma kipimo: hapa ndipo penye mtego

Prime ni mililita 5 kwa lita 200. Tetra AquaSafe ya Ulaya ni mililita 5 kwa lita 10. Angalia tofauti hiyo: kwa ndoo ile ile ya lita 20, ya kwanza unaweka nusu mililita, ya pili mililita 10. Mara ishirini. Kwa hiyo usichukue kipimo cha rafiki yako ukakitumia kwenye chupa yako.

Mtego wa pili ni galoni. Chupa za Marekani huandika kipimo kwa galoni, na galoni yao ni lita 3.8. Hapa kwetu ukisema galoni mtu anaona dumu la lita 20, au lile la lita 5. Mtu akisoma "kwa galoni 10" akahesabu madumu kumi ya lita 20, ameweka dawa ya lita 38 kwenye maji lita 200. Klorini iliyobaki inatosha kuua. Geuza kila kitu kuwa lita, uandike kwa maka peni kwenye chupa: "ndoo 1 = ml kadhaa". Fanya hesabu mara moja tu, ukiwa umetulia.

Hatua za kazi

1. Pima tangi lako. Urefu mara upana mara kina, kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 36 ni lita 64.8. Toa nafasi ya juu isiyojaa maji, changarawe na mawe. Unabaki na kama lita 55. Andika namba hiyo nyuma ya tangi.

2. Amua unabadilisha kiasi gani. Robo ya maji kwa wiki inatosha tangi lisilojazana samaki. Kwa tangi letu la mfano ni kama lita 14, yaani ndoo moja isiyojaa. Usibadilishe maji yote kwa mpigo eti ili yawe safi.

3. Chota maji mapema. Fungua bomba, acha yatoke nusu dakika, kisha jaza ndoo. Kama yana tope, yaache yatulie.

4. Vuta dawa kwa bomba la sindano. Inua bomba usawa wa macho, gonga kwa kidole mapovu yapande, sukuma hewa itoke, kisha usome mstari. Kwa vipimo vidogo kama nusu mililita tumia bomba la mililita 1. Kwenye la mililita 5 utakosea.

5. Tia dawa kwenye ndoo, siyo tangini. Koroga kwa mkono safi au kijiti kwa nusu dakika, mpaka chini. Mkono usiwe na mafuta, losheni wala harufu ya sabuni.

6. Subiri dakika tano. Lebo nyingi zinasema inafanya kazi papo hapo, na ni kweli, lakini ndoo haikuchanganyika vizuri kama unavyodhani.

7. Pima klorini kama una kipimo. Chota maji kidogo kwenye kikopo cha kipimo, dondosha tone. Yakibaki meupe kama yalivyokuwa, endelea. Yakigeuka njano au waridi, ongeza nusu ya kipimo cha dawa, koroga, pima tena. Maji ya kikopo yamwage chooni. Matone hayo ni sumu, yasiingie tangini.

8. Linganisha joto. Ingiza kipimajoto tangini, kisha kwenye ndoo. Tofauti isizidi nyuzi 2. Maji ya simtanki yakiwa ya moto yaache kivulini; usiyapoze kwa barafu ya ghafla.

9. Zima filta na pampu, nyonya maji ya zamani. Pitisha mpira juu ya changarawe uvute uchafu. Hifadhi ndoo moja ya maji haya ya zamani kwa hatua ya kumi.

10. Osha sponji ya filta kwenye ndoo ya maji ya zamani. Ikamue mara tatu nne, iishie hapo. Usiioshe bombani kamwe. Bakteria wanaokula amonia wanaishi ndani ya sponji hiyo, na klorini inawaua kama inavyoua kipindupindu. Nililifanya kosa hili mwaka wangu wa kwanza: sponji nikaiosha bombani mpaka ikang'aa, nikajisifu kwa usafi, na siku ya nne samaki wote wakawa juu ya maji wanatweta. Nilibadilisha maji kila siku kwa karibu mwezi mzima mpaka filta ikarudi hai.

11. Mimina maji mapya taratibu. Weka sahani au mkono juu ya changarawe ili maji yasichimbe. Dakika tano kwa ndoo nzima si nyingi.

12. Washa filta na pampu, kaa uangalie dakika kumi. Samaki wanatakiwa waogelee kama kawaida. Zima taa kama wameshtuka.

Anayejaza kwa mpira kutoka bombani moja kwa moja, kwa sababu tangi ni kubwa, utaratibu unabadilika: dawa inatangulia tangini kabla hujafungua bomba, na kipimo ni cha tangi zima, siyo cha maji unayoongeza. Ukiweka ya maji mapya tu, itasambaa kwenye maji yote na kuwa nyepesi kabla haijakutana na klorini. Mimi binafsi, tangi likiwa chini ya lita 150, sitaki mpira. Ndoo inachosha mgongo lakini inakupa nafasi ya kuona kosa kabla halijafika kwa samaki.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kuzidisha dawa kwa hofu. Ukizidisha mara mbili kwa bahati mbaya, samaki hawatakufa. Ukizidisha mara kumi, dawa inaweza kula hewa iliyomo majini, na maji yetu ya joto hayana hewa ya ziada: kwenye nyuzi 30 maji yaliyojaa hewa yana takriban miligramu 7.6 za oksijeni kwa lita, wakati kwenye nyuzi 20 yana 9.1. Umeme ukikatika usiku huo na pampu ikazima, una msiba asubuhi.

Kudhani dawa inatosha kuingiza samaki siku hiyo hiyo. Dawa inaondoa klorini. Haioteshi bakteria. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kabla filta haijaweza kumudu mzigo wa samaki, na katika muda huo uanze na samaki wachache sana, chakula kidogo.

Kuchanganya dawa na tiba. Ukiwa unatibu samaki kwa dawa yenye shaba au kwa pamanganeti, usiweke dawa ya kuondoa klorini tangini wakati huo huo; watengenezaji wa Prime wenyewe wanaonya kuhusu shaba, na pamanganeti inauawa kabisa na thiosalfeti. Andaa maji kwenye ndoo siku moja kabla.

Kufidia maji yaliyokauka tangini bila kuweka dawa, "ni kikombe tu". Vikombe kumi ndani ya wiki si kikombe.

Mambo yakienda vibaya

*Samaki wanatweta juu ya maji dakika chache baada ya kubadilisha.* Fikiria klorini kwanza. Tia dawa tangini sasa hivi, kipimo cha tangi zima. Washa pampu ya hewa kwa nguvu yote. Kama umeme hakuna, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, tena na tena, kwa robo saa. Kisha angalia kipimajoto. Usimwage maji yote na kuanza upya, kwa sababu hayo mapya nayo yatatoka bomba lile lile.

*Wamekufa siku ya tatu au ya tano, siyo siku ile.* Hiyo mara nyingi ni amonia. Pima amonia, badilisha robo ya maji kila siku kwa maji yaliyowekwa dawa, punguza chakula.

*Maji yamekuwa meupe kama maziwa mepesi.* Ni bakteria wameongezeka ghafla kwenye tangi jipya au baada ya kulisha kupita kiasi. Dawa haihusiki, na kuongeza dawa hakusaidii. Yataisha yenyewe kwa siku kadhaa.

*Povu juu ya maji baada ya kuweka dawa.* Dawa zenye mshubiri hutoa povu pampu ikipiga. Likidumu zaidi ya siku moja, chunguza ndoo: huenda kuna mtu ameifulia.

*Dawa inanuka mayai viza.* Prime hunuka hivyo tangu chupa ikiwa mpya, usiitupe. Mchanganyiko wako wa fuwele ukinuka hivyo na una ukungu, huo mwaga.

*Nimeweka dawa na kipimo bado kinaonyesha njano.* Rudia hesabu ya lita kwanza, kisha tarehe ya mwisho ya chupa. Vyote vikiwa sawa, weka kipimo cha pili, na maji hayo yaache usiku kucha na pampu ya hewa kabla ya kuyatumia.

*Mmoja tu ndiye anayetweta, wengine wazima.* Mhamishie kwenye ndoo yenye maji ya tangi hilo hilo, pampu ya hewa ndani, kitambaa juu asiruke. Mashavu yake yatazame kwa tochi. Yakiwa mekundu sana au yana utelezi mweupe, ameungua. Mpe siku tatu za giza, maji tulivu na bila chakula siku ya kwanza. Wengi wanaopita siku ya pili hupona.